Sala Chini ya Paa la Madebe

Kamwene, ndugu zangu. Mama mchungaji ameniomba nisimame, na mnajua mimi nikisimama sikai haraka. Leo nitajitahidi. Jina la mtu sitalitaja, kwa hiyo msigeuze shingo kutafuta.

Wakati ule mume wangu alikuwa Mufindi kwenye chai, na mimi hapa Iringa mjini nimepanga chumba kimoja na binti yangu mdogo. Paa lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kutu tupu. Ikinyesha, tunahama kutoka kona hii kwenda ile. Mtoto akaanza kukohoa. Dresa wa hospitali akaniambia, "Mama, dawa nitakupa mpaka nichoke. Lakini mtoto akiendelea kulala kwenye unyevu, utamzika." Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa machozi. Akanijibu, "Mji huu mkubwa, mama. Kama hapakufai, hama." Nihamie wapi? Na yeye alikuwa mtu wa sala, mzee wa kuheshimiwa, nikaona haya kumsema. Mnakumbuka sala za jioni, nyumba kwa nyumba? Zamu yangu ikifika nasema nina mgeni, mara nina safari. Jamani, nilimficha yeye kuliko nilivyomfunika mtoto!

Asubuhi moja binti yangu akataka kulia, akashindwa. Mdomo umefunguka, pumzi haitoshi. Hapo haya ikaniisha. Nikawaambia akina mama, "Alhamisi sala ni kwangu."

Mvua ikaja pamoja na watu. Kiti nilikuwa nacho kimoja, na kwingine kote nimetega sufuria na mabakuli. Mwenye nyumba, kwa umri wake, akapewa kiti. Sikupanga, Mungu ananiona. Lakini sikumhamisha. Tulipoinamisha vichwa, matone yakamwangukia kwenye upara, to, to, to. Nawaambia, hakuna aliyecheka, maana mtoto alikuwa anakorota pale mkekani na kila mtu alimsikia.

Baada ya amina akaahidi kutengeneza. Wiki zikapita, fundi hatumwoni. Ndipo wale wale waliosali kwangu wakaniambia, "Dada, twende kwa liwali. Sisi tumeona kwa macho yetu." Peke yangu barazani ningekuwa mpangaji mwenye mdomo tu. Nao wakiwa nyuma yangu, liwali alisikiliza. Akamwambia mzee, "Tengeneza paa. Usipotengeneza, mama huyu atalitengeneza kwa kodi anayokulipa, na usithubutu kumtoa." Akatengeneza. Mabati mapya, ndugu zangu!

Namshukuru dresa aliyeniambia kweli. Namshukuru mama aliyemlaza binti yangu kwake mpaka fundi alipomaliza. Nawashukuru ninyi mliolowa. Na wewe uliyepanga pabovu, sema kwanza na mwenye nyumba, ndiyo. Asiposikia, usikae umebeba aibu ambayo si yako. Fungua mlango watu waone, kisha nendeni pamoja.

Wimbo wa kwanza leo ameuanzisha binti yangu. Kifua chake mmekisikia wenyewe. Alhamisi zamu ya sala ni yangu. Njooni, hata ikinyesha. Na mwenye nyumba naye aje. Kiti chake kiko pale pale.