Gichunge Mbae na Simu Iliyojipokea Yenyewe

Habari zenu. Na majirani zetu wa soko la mifugo, salaam aleikum. Mimi ni Kajuju, dada mdogo wa marehemu. Pasta amenipa dakika tano na jua mnaliona. Nitasoma yaliyo kwenye karatasi zenu, lakini kuna jambo halijaandikwa humo, na nikishuka hapa bila kulisema sitalala.

Marehemu Gichunge Mbae alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Kambi ya Juu, Isiolo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mbae na marehemu Mama Ciokaraine. Alisoma hapa mjini hadi kidato cha nne, mwaka wa 1981. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba, akairudishia, vipande vitatu vikabaki mezani, na redio ikaongea. Baba alimchapa kwanza, ndipo akakaa kusikiliza habari.

Mwaka wa 1983 alienda Nairobi kusomea ufundi wa simu, akarudi kufanya kazi kwenye kituo cha simu hadi 1997. Akaacha, akafungua chumba cha barua pepe karibu na soko: kompyuta moja, laini moja, na modemu moja, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu. Siku hizo modemu uliiandikia amri kwa herufi. Anaandika ATZ, anangoja ijibu OK, kisha ATDP na namba. Watu wa Nairobi waliweka T badala ya P, lakini laini zetu zilikuwa bado za simu za kuzungusha, na bila P ungekaa hapo mpaka jioni. Mashine ikianza mluzi wake, Mama Habsa, muuza mbuzi, alichungulia mlangoni: "Gichunge, huyo unayemchinja ni wa nani?" Naye anajibu, "Ni wako, mama, ngoja utapata ini." Tulicheka sana kwenye kile chumba.

Alifunga ndoa na Karambu tarehe 16 Desemba 1995, mvua ikanyesha hadi wageni wakasukuma gari la maharusi kwenye matope. Mungu aliwajalia Rimberia, na Ciokaraine aliyebeba jina la mama yetu.

Sasa wekeni karatasi chini.

Tarehe 11 Novemba 1999 mama alikuwa amelazwa Meru, mimi nikimuuguza. Mchana akaniambia, "Nipigie Gichunge, nisikie sauti yake." Asubuhi hiyo marehemu alikuwa akingoja orodha ya bei za ng'ombe kutoka Nairobi, iingie kwenye kompyuta. Kwa hiyo aliiandikia modemu ATS0=1, yaani simu ikilia mara moja, ipokee yenyewe. Orodha ikafika. Akasahau kurudisha ile moja iwe sifuri. Akafunga mlango, akaenda Garbatulla kutengeneza simu ya watu.

Nesi alimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye simu ya ukutani. Nikapiga namba ya chumba chake. Ikapokelewa papo hapo! Kwa furaha sikusikiliza hata kidogo, nikamwekea mama sikioni. Akakunja uso. "Kajuju, mbona ananifokea hivi?" Nilipiga mara saba, na mara saba ni ule mluzi. Mama alifariki saa kumi jioni akiamini mtoto wake amemkasirikia.

Nilimchukia, jamani. Siwezi kudanganya mbele ya jeneza. Alikuja kwangu na daftari, akanichorea moja na sifuri, machozi yanamtoka. Nikamwambia, "Peleka hesabu zako huko." Karambu aliniambia kwamba tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga chumba, alienda duka la jirani akapiga namba yake mwenyewe, asikie kama inalia kama simu ya kawaida. Nilisikia hayo na bado nikakaza shingo. Karibu miaka ishirini na sita, kwenye harusi na matanga, tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Alivumilia, akafanya mzaha na manesi, akarekebisha redio ya wodi bila kuombwa. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025 alinipigia mara tatu. Jina lake nililiona kwenye kioo. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikasema, aah, nitampigia kesho. Akaaga dunia alfajiri ya Jumatano.

Ile modemu ilipokea bila kujua anayepiga ni nani. Mimi nilijua ni nani, na nikaiacha simu ilie mpaka ikanyamaza. Alitaka kuniambia nini, sijui, na Karambu pia hajui. Nimemuuliza mara nyingi mpaka amechoka na mimi.

Marehemu ameacha mjane wake Karambu, watoto wake Rimberia na Ciokaraine, mjukuu mmoja, na dada huyu mnayemwona.

Gichunge, Mungu akupe usingizi mwema, na unisamehe. Na wewe mama, kama maneno ya kaburini yanafika huko, hakuwa anakufokea. Hakuwa hata ndani ya kile chumba. Alikuwa Garbatulla.