Masanduku Arobaini na Moja ya Dada

Ndugu waombolezaji, mdogo wake marehemu, huyu anayewasomea, mpishi wa meli mstaafu aliyezunguka nchi kumi na moja akarudi na kitambi tu, anaomba radhi, kwani amewasomea aya nzima ya karatasi ya ofisini, inayomwita dada yake "karani mtiifu wa mkuu wa idara", tena kwa madaha, mpaka mjane wa kiume alipomvuta koti, "Shemeji, unasoma nini? Hiyo si yetu." Sasa inasomwa ya familia.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akamaliza sekondari mwaka 1977, akafundisha miaka sita, na tarehe 2 Januari 1984 akaajiriwa na taasisi ya lugha, akapewa chumba chini ya ngazi na cheo cha karani ambacho hakikubadilika hadi anastaafu. Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mlimwita Bi Karatasi mkicheka, basi sikieni kazi yenyewe: alishika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo ya wazee wa lugha nne zenye asili moja, akaandika kila neno kwenye kadi, masanduku arobaini na moja, akaona kwamba wa kwanza hutamka p kavu, wa pili p yenye pumzi inayotikisa karatasi, wa tatu wamebakiwa na pumzi tu, yaani h, na wa nne hawana kitu, neno baada ya neno, kama sauti iliyolika taratibu. Hiyo p ya pumzi aliipata kwa bibi mmoja mfinyanzi, baada ya kumkandia udongo siku kumi na tisa. Mkuu wa idara alisema ni bahati nasibu. Mwaka 2009 bahati nasibu hiyo ikatoka ikiwa kitabu chenye jina la mkuu, na dada akashukuriwa kwa kupiga chapa. Hatukuja hapa kulimeza hilo tena.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba, akalazwa tarehe 3 Machi, na mkuu akamfuata wodini na maua, pamoja na barua ya kukabidhi masanduku yote ya kadi, maana wasomaji wake wanadai kuiona kadi ya mfinyanzi. Dada alivua kinyago cha oksijeni, akamjibu neno moja, akakirudisha. Alifariki tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake wawili, mfagizi na mlinzi, walioyaleta masanduku nyumbani kwa mkokoteni kabla kufuli la chumba chake halijabadilishwa.

Pumzika, dada, kwa amani uliyonyimwa chini ya ngazi. Nawe mkuu, uliyekaa hapo safu ya mbele, uliyetuma kikaratasi asubuhi hii kuuliza masanduku yanakuja lini, familia haina jibu jipya, ina lile lile la wodini:

"Hayaji."