Mafuta ya Maganda ya Korosho na Daraja la Mikokoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, wazazi wetu na majirani: assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

UKARIBISHO

Karibu Mikokoni, kitongoji cha wavuna chumvi. Kwanza tuwie radhi. Uliposhuka garini ulinyoosha mkono, na sisi sote tukarudisha yetu nyuma kama watu wenye kiburi. Wallahi si kiburi. Leo ni siku ya kupaka vyuma, na siku ya kupaka hapa kwetu hakuna kupeana mikono, hata bwana harusi hapewi. Mafuta ya maganda ya korosho yanababua ngozi. Shikamoo inatolewa kwa mdomo, marahaba inarudishwa kwa mdomo, mambo yanaendelea.

TULIKOTOKA

Chumvi inatulisha, na chumvi hiyo hiyo inakula vyuma vyetu. Toroli jipya, misimu michache tu, halina tako. Wazee wetu waliliona hilo zamani, wakati mikorosho imejaa kuanzia hapa hadi njia ya Mkange. Wanawake walibangua korosho, maganda yakawa takataka mlangoni, mpaka walipoanza kuyakaanga kwenye debe lililotobolewa chini. Mafuta meusi yakadondokea kwenye sufuria, yakachemshwa tena hadi yakawa mazito. Chuma kikakwanguliwa kutu, kikapakwa, kikaachwa kikauke.

Ah, siku zile! Kabla ya masika kitongoji kizima kilitoka. Bibi zetu walijipaka mafuta ya nazi viganjani, moshi ukawatoa machozi na huku wanacheka. Pilau linapikwa upande huu, maganda upande ule, na ole wake atakayechanganya miiko! Bi Habiba, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akipiga kelele: "We Najim, toka hapo! Ukibabuka uso huo, nani atakubali kuolewa nawe?" Sauti ile tunaikosa mno. Sisi tuliokuwa wadogo tulidhani siku kama hizo hazitakwisha duniani.

TULIYOYAFANYA

Mikorosho mingi imekatwa, viwanja vimepimwa. Hata hivyo hatujaacha. Tunayafuata maganda hadi mashamba ya Mkange, wenyewe wakitushangaa tunavyogombania takataka. Makoleo, toroli, na milango ya ghala hili jipya unalotuzindulia leo, vyote tumevipaka kwa mikono yetu.

Wataalamu wa chuo walikuja, wakapima, wakatuambia kweli mafuta haya yanazuia kutu, ila tuvae glovu na tusiuvute ule moshi. Tumewasikia na tunawashukuru. Glovu tunavaa. Wapo wanaozivua kidogo wakidhani hawaonekani, na Twalib, unayemwona amejificha nyuma ya spika, ndiye wa kwanza.

YANAYOTUKWAZA

Mheshimiwa, ni daraja. Lile daraja la chuma la waendao kwa miguu, juu ya mkono wa bahari, ndilo linalotupeleka makaburini. Ng'ambo ile ndiko waliko wazee wetu wote. Tumelipaka kila mwaka tangu lilipojengwa. Sasa limebandikwa tangazo: ni kuukuu, litabomolewa, litauzwa chuma chakavu. Kama kuna jingine litakalojengwa mahali pake, hatukuambiwa.

Hatutaki kukudanganya. Nguzo mbili za katikati, ambazo maji hayaziachi zikauke tukazipaka, zimeliwa, na mafuta hayafufui chuma kilichokwisha. Zilizobaki zote ni nzima. Asubuhi hii tumelipaka tena, na tangazo likiwa pale pale. Kama tumekosea, tumekosea sote. Roho zetu hazikukubali kulipita bila kulipaka, jamani, ingekuwa kama kumtoa mtu nje hajavaa.

OMBI LETU

Maji na barabara tutaomba siku nyingine. Leo tuna ombi moja: zibadilishwe nguzo zile mbili, na daraja libaki. Kulipaka ni juu yetu na watoto wetu.

Mzee Mwinjuma, aliyetufundisha kuchemsha mafuta haya, yuko kitandani, hakuweza kufika. Bi Habiba tuliyemtaja alikuwa mkewe. Kila Ijumaa mzee alivuka kwenda kumsomea Yasini kaburini, mpaka miguu ilipomkatalia. Jana tulikwenda kumwuliza angependa tukuambie nini. Akasema: "Mwambieni mgeni, mimi kuvuka kwa miguu yangu kumekwisha. Imebaki safari moja, nayo nitabebwa. Wasiing'oe njia kabla sijapita."

Mheshimiwa, hatuna la kuongeza. Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe wepesi wa kuamua, na awarehemu walioko ng'ambo ile.

Ni sisi,
Kikundi cha Wavuna Chumvi na Wapaka Vyuma, Mikokoni.
Imesomwa kwa niaba yao na Ashatu Mwishehe.