Fizi za Severin Tarumbeta

Nyuma ya stendi ya Msamvu, ubavuni mwa banda la kuziba pancha, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni rimu ya Fuso. Hafidhi hutua birika lake la kahawa hapo kila jioni, na akishatua, wenyewe hawakawii. Yeremia, mwenye banda, wanamwita Injinia kwa kuwa hakuna tairi lililowahi kumshinda. Ignas anatoa kopi karibu na mahakama. Kwa kusoma kesi za watu wamempa jina la Wakili. Severin ni Tarumbeta. Ndiye anayeongoza bendi ya harusi, na Jumamosi mji unamsikia kabla haujamwona bibi harusi.

Jioni hiyo Severin alishika kikombe mpaka kikapoa. Wiki ya tatu sasa alikuwa akifanya hivyo, na Hafidhi akataka kujua kama kahawa yake imeingia mdudu. Severin alivuta mdomo wa chini, akawaonyesha. Fizi za meno mawili ya mbele zilikuwa zimeshuka hadi mizizi ikabaki wazi, ya njano, na kitu cha moto kikigusa pale maumivu yalimpanda mpaka kisogoni.

Akawaeleza alichoambiwa na daktari wa meno, dada mmoja anayeitwa Judith. Miaka yote amekuwa akisugua meno kwa mswaki mgumu kama anayesugua sufuria. Akiacha hivyo, meno yatalegea, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele hana pa kuegemeza mdomo. Tiba ilikuwa kuchukua kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, kule juu mdomoni, na kukishonea pale palipopungua. Ilipangwa Alhamisi.

– Yaani wakupige kiraka, alisema Injinia. Kiraka nakijua mimi. Kinataka pakavu, na mdomoni mate hayakauki. Kitabanduka kabla ya Ijumaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba kiliingiaje hapo, hakuna aliyeuliza. Hafidhi akadai fizi hazijashuka hata kidogo, ila meno ndiyo yamerefuka; babu yake alikufa na miaka tisini, na meno yalikuwa bado yanakua.

Wakili alikuwa akiwasikiliza kwa huruma.

– Hiyo kaakaa ni lugha ya kukutuliza. Wanaweka nyama ya mbuzi. Kuna jamaa wa Ngerengere aliwekewa, leo akipita penye majani mabichi anasimama.

– Mbuzi au kaakaa, nguo ya kuazima haisitiri makalio, alisema Injinia.

– Na tuseme ni kaakaa kweli, aliendelea Wakili. Wakishatoboa kule juu, pumzi inatokea puani. Utapuliza tarumbeta, ndugu yangu, na pua ndiyo itakayolia.

Benchi zima lilicheka, na Severin akacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi Kihonda alikuwa akijaza mashavu upepo na kuziba pua kwa vidole, akijaribu kusikia pumzi inapita wapi. Jumatano asubuhi alimpigia daktari simu kusema hatakuja. Daktari alipouliza sababu, alizungukazunguka, mwishowe akaisema yote, pamoja na pua.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

– Kaka Severin, sitoboi kitu. Namenya juujuu tu, kama mtu anavyomenya kiazi. Kaakaa litajijaza lenyewe. Mimi nataka upige tena.

Neno hilo la mwisho ndilo lililompeleka. Alhamisi alikwenda na mkewe Magreth, akachomwa sindano ya ganzi, akawa anasikia vidole na uzi unaovutwa bila uchungu wowote. Uchungu ulikuja baadaye, kule juu, kama mtu aliyemeza ugali wa moto. Wiki mbili alikula uji uliopoa na ndizi za kuponda. Kijiweni hakukanyaga, kwa kuogopa kuchekeshwa na nyuzi zikakatika. Kioo nacho alikikwepa. Kila asubuhi aliamka akihisi kiraka kimebanduka, na kila asubuhi Magreth alimchungulia na kumwambia kipo.

Siku ya kutoa nyuzi daktari alimshikisha kioo. Mizizi haikuonekana tena. Palikuwa na nyama ya pinki, imeshika. Severin alishukuru kwa kutikisa kichwa huku machozi yakimdondokea kifuani. Daktari alimpa mswaki laini na kumwambia tarumbeta isubiri.

Wiki ya saba aliipuliza uani kwake, taratibu, na sauti ikatoka ilipopaswa kutoka. Jioni hiyohiyo alifika Msamvu. Hafidhi alimmiminia, naye akanywa ikiwa inafuka moshi.

– Vipi?

– Chungu, kama siku zote.

Wakamfunua mdomo kwa zamu. Injinia akakumbusha kwamba neno kiraka lilikuwa lake. Wakili alikubali kuwa kazi ni nzuri, ila huyo mbuzi lazima alikuwa wa kisasa.

Mama mmoja wa Mgeta, Anastasia, aliyekuwa akisubiri bajaji na viroba vyake vya karoti, alikuwa amenunua kashata na kuyasikiliza yote.

– Samahanini, kaka zangu. Ninyi wengine, daktari aliwatazama fizi lini mara ya mwisho?

Hafidhi akaanza kumimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Wakili akaziba mdomo kwa kiganja. Severin alisogea, akampisha mama akae, huku Injinia akipitisha ulimi kwenye fizi zake za chini, jino baada ya jino. Alipofika la nne ulimi ulisita, ukarudi nyuma, ukaligusa tena. Kisha akamwinamia Severin sikioni.

– Huyo dada yako wa meno, yupo Alhamisi tu, au hata siku nyingine?