Fundi wa Karakana na Jirani Yake

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na fundi cherehani. Mama husema siku hiyo alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Basi kelele zake zote ziliishia hapo hapo, kwa sababu sisi wadogo zake tulimkuta mtu wa kunyamaza.

Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akiwatazama wanafunzi wa Mama. Mwanafunzi akikosea mshono, Mama hakumfumulia wala hakumfokea. Alipitisha uzi mwekundu pale palipoharibika, akamrudishia nguo, mwenyewe ajionee. Kumbukeni uzi huo.

Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1988 akaingia chuo cha ufundi, alikokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza. Baba alitaka awe mhasibu. Alipomuuliza hilo dude lina faida gani, Kaka alijibu, "Baba, hili halichoki kunisikiliza."

Aliajiriwa mwaka 1992 na kampuni ya vipuri, akiiandikia programu za ghala. Mwaka 2001 aliacha kazi, akapanga chumba juu ya duka la miwani, akajenga kazi ya maisha yake, Karakana. Kwa sisi tusiojua mambo hayo, Karakana ni programu ya kuandikia programu nyingine. Fundi anaingia humo, anaandika, anaonyeshwa makosa yake, anajaribu kazi yake, vyote chumba kimoja. Ukikosea, mstari mwekundu unapita chini ya kosa. Kaka alikuwa akisema wazi kwamba huo ni uzi wa Mama.

Tarehe 9 Septemba 1995 alifunga ndoa na wifi yetu muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Waliachana kwa heri mwaka 2007. Hawakuwahi kugombana. Wifi aliniambia kugombana kunataka watu wawili ndani ya nyumba, na mwenzake muda wote alikuwa Karakana. Wifi yupo nasi leo, na tunamshukuru.

Chini ya ukurasa wa Karakana Kaka aliweka vitone vya kijani. Kila aliyeifungua, popote alipo, kitone chake kiliwaka, na wote walioko kazini wakaviona. Hakikuonyesha jina wala mahali. "Mtu akiwa kazini hachunguliwi," alisema. Miaka ya mwanzo vilijaa kama mtama uliomwagika. Kisha kampuni kubwa zikaanza kugawa programu za kwao bure, na vitone vikaenda vikipungua, mpaka vikabaki viwili: chake, na cha mtu asiyemjua. Kaka alimwita mtu huyo Jirani.

Nilikuwa nampelekea chai Jumapili asubuhi. Namkuta peke yake, pazia limefungwa, kiti cha mgeni kimejaa nyaya. Kitone cha pili kikiwaka, uso wake unabadilika. "Jirani kaamka," anasema, ndipo anaigusa chai.

Mwaka 2016 kampuni moja ilimpa kazi nzuri, kwa sharti aifunge Karakana. Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilimwambia, "Kaka, chukua kazi! Unakataa mshahara kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mtu mmoja si haba," alinijibu. "Nikifunga, yeye ataenda wapi?"

Alikataa. Jirani alikuwa na mashine ya zamani, ilionekana kwenye toleo la Karakana alilotumia, hivyo Kaka aliendelea kulitengeneza toleo hilo ambalo dunia nzima ilishalitupa.

Alianza kuugua presha mwaka 2019. Kliniki alikwenda mwenyewe, akarudi mwenyewe, na sisi tukaambiwa baadaye. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, Mama alinipigia simu.

"Mwenzenu hajafungua."

"Hajafungua nini, Mama?"

"Karakana. Jua limepanda na kitone chake hakipo. Nenda ukamtazame mwanangu."

Nilimkuta kitandani, ametulia. Daktari alisema moyo ulisimama akiwa usingizini.

Baada ya hapo ndipo nilipomuuliza Mama amejuaje. Zamani Kaka alimpelekea kompyuta yake kuukuu ili aongee na mjukuu. Karakana ilikuwa bado imo ndani, akamwonyesha vitone mara moja, kisha akasahau kabisa. Mama hakusahau.

"Mimi sijui kuandika humo," aliniambia. "Nafungua nimwone mwanangu kaamka. Nikimwona, naendelea na shughuli zangu."

"Mbona hukumwambia, Mama?"

"Mtu mzima yule. Angeona namchunga."

Mama ameniruhusu niyasome haya. Nimeumia, sitaficha. Kaka aliishi akidhani mtu pekee aliyebaki naye ni mgeni, na mgeni huyo ndiye aliyemzaa. Hata hivyo, kila asubuhi walikuwa wakiangaliana, na hakuna aliyemkosa mwenzake hadi Jumanne ile.

Marehemu ameacha binti mmoja, wadogo zake watatu, na Mama yetu mzazi, aliyeketi hapa mbele. Leo kabla ya kutoka nyumbani nilimkuta mezani, kompyuta imewashwa, kitone kimoja kinawaka. Nilinyoosha mkono nizime, akaushika.

"Acha," alisema. "Asije akadhani nimeondoka."

Kaka, jirani kaamka. Pumzika kwa amani.