Maelezo ya Neno Kudunga

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogee karibu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe kifungua mimba, usijifanye unanipepea. Asubuhi nimesikia tupa ikikwaruza panga nyuma ya jiko. Jicho nimebakiwa na moja, lakini masikio yote mawili yapo. Mnangoja nikate roho, ili baba yenu mdogo akija kunizika mumcharange. Basi nisikilizeni kabla hamjawa wauaji.

Mimi na mdogo wangu tulikula kwa kueleza maneno. Tuliletewa tenzi za zamani, tukaandika kwenye kadi neno hili maana yake hii, ili watoto wa shule waelewe. Na tulikuwa na sheria yetu ya kijinga: neno la kitendo haliandikwi mpaka litendwe. Tenzi zenyewe vita vitupu! Kwenye kupiga ngwala nilimwangusha akapasuka kisogo. Kwenye kukaba alinikaba mpaka nikajikojolea, mama yenu akatumwagia maji kama mbwa. Tulicheka, tukaandika. Kwenye konde nilimng'oa meno mawili ya mbele, na siku hiyo hakucheka.

Tukafika kwenye kudunga. Mimi nikasema kugusa na ncha kunatosha, yeye akasema lazima ipenye. Tukabishana, tukatukanana hadi matusi yakaisha, akanyakua sindano ya kushonea vitabu. Mengine mnayaona usoni kwangu. Asiwadanganye mtu kwamba ilikuwa ajali: alikusudia, nami nilikuwa nimeshamrukia na mkasi. Damu ilitapakaa mezani, kadi zikagandana. Nilimchukia, wanangu, nikamchukia kwa moyo wote, na ninyi mkakulia humo humo mkidhani ndiyo heshima kwa baba.

Lakini aliyenibeba mgongoni hadi hospitali ni yeye, mkasi wangu ukiwa bado umekwama begani mwake. Mama yenu aliwaambia hilo mara ngapi? Mkaliacha lipite, kwa sababu halikuwanogea.

Sasa shikeni. Nyumba ni yenu watatu, msiiuze. Chumba cha kazi, meza na kadi zote, hata zile zenye damu, ni za baba yenu mdogo. Utenzi wa mwisho umebaki nusu. Binti yangu, kaa naye muumalize, na vitendo mvieleze kwa mdomo tu, jamani, kwa mdomo.

Maji... kidogo. Basi.

Kifungua mimba, lilete hilo panga. Lilete, nimesema! Liweke hapa kifuani. Nikunjie vidole kwenye mpini... kaza, mwanangu, mimi siwezi tena. Hivyo. Mungu awazeeshe pamoja, mgombane, mpatane, mle sahani moja. Mdogo wangu akija, mpokeeni mzigo wake, mpeni kiti. Nami nizikwe nalo hivi hivi. Atakayelitaka... avunje kwanza vidole vya baba yake.