Gari la Siku Chache na Jina la Mwanangu

Ndugu zangu wapendwa, nasimama mbele yenu nikimsifu Bwana, maana amenitendea jambo ambalo diploma yangu haikuliweza.

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Gwata, niliyekwenda Ujerumani kwa bidii yangu mwenyewe na kurudi na diploma ya ufundi wa magari. Trekta la kijiji chetu cha ujamaa lilipokufa msimu wa kwanza, mimi ndiye niliyelifufua. Linalima mpaka leo.

Wenzangu walirudi na redio na makoti. Mimi nilirudi na sanduku la vigari vya mfano, kila kimoja kinaenea kiganjani. Si vya magari mnayoyaona barabara ya Morogoro. Ni vya magari ya majaribio ambayo hayakuuzwa kamwe: moja lina mlango mmoja tu, nao uko mbele puani, jingine linasukumwa na pangaboi mgongoni. Nilivipanga kabatini, nikawa navifuta kila Jumamosi. Jirani yangu alinitania, "Fundi, Wazungu walikupa diploma au midoli?" Nikamjibu, "Vyote viwili, na wewe huna hata kimoja."

Kisha mke wangu Rehema, binti wa Chole kule Kisarawe, akajifungua mtoto wa kike. Alizaliwa usiku, alfajiri akatutoka. Tulimzika mapema, watu wachache, bila matanga. Ndivyo tulivyozoea. Shangazi yangu akamwambia Rehema, "Nyamaza, mwanangu. Kitoto kisicho na jina hakikaliwi matanga. Utapata mwingine."

Ndugu zangu, Rehema alinyamaza kweli. Hakusema, hakula. Nilimtafutia sukari wakati sukari ni ya foleni, nikamwombea, akazidi kukonda. Mwishowe kaka yake akaja kutoka Chole.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akaniambia. "Mama anasema nimrudishe nyumbani. Hapa atakufa."

Nilijua kwamba akiondoka, hatarudi.

Mizigo yake ilipokwisha kufungwa, niliketi mbele ya kabati nikifuta vigari, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Rehema akaja akaketi karibu yangu. Akakichukua kile chenye mlango puani.

"Yalitengenezwa mengi haya?"

"Moja tu. Lilitembea siku chache, wakalivunja."

"Sasa aliyetengeneza hiki alilijuaje?"

"Alilipenda. Hakutaka lisahaulike."

"Na lilikuwa na jina?"

Nikamtajia. Akakishika kigari kifuani, machozi yakaanza kumtoka, ya kwanza tangu maziko.

"Mwenzangu, chuma cha siku chache kina jina. Mwanangu hana."

Nilimkumbatia. Nikamwuliza, "Wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Upendo," akasema. "Tangu tumboni."

Tulilia pamoja mpaka kaka yake naye akaketi chini akalia. Safari ikaahirishwa. Jioni ile Rehema alikula uji, akaomba kuongezwa. Utukufu kwa Bwana!

Jumapili nilimwendea mchungaji wetu, nikamwomba amtaje Upendo katika sala. Hakuuliza desturi inasemaje. Alimtaja kwa sauti, kanisa zima likasikia.

Tulipotoka nje, mama mmoja mzee wa kwaya alimvuta Rehema pembeni. Akasema polepole, "Wangu aliitwa Yosia."

Rehema akamshika mkono. "Alifanana na nani, mama?"

Yule mama alikuwa amezeeka na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kisha akatabasamu, akasema, "Alikuwa na masikio ya baba yake."

Wapendwa, namshukuru Bwana aliyenirudishia mke wangu. Na wewe uliyeketi hapo, kama una mtoto ambaye nyumbani kwenu hatajwi, usiogope. Bwana anamjua. Mwamini, umtaje mbele zake leo, nasi tutakuuliza alifanana na nani.